Kabla ya kununua mnara wa Lionel 394, tazama balbu

Mnara wa taa izungukayo namba 394 (1949–1953) wa Lionel, kampuni ya Marekani ya treni za kuchezea, ni pambo la kuwekwa kando ya reli, na hauna mota. Joto la balbu hupandisha hewa, nayo husukuma mapezi ya kichwa chenye vioo vya plastiki vyekundu na kijani. Kichwa chote hukaa juu ya ncha ya sindano, na sindano hiyo hutua kwenye kibonyeo kidogo kilicho kileleni mwa balbu. Wauzaji wengi huweka balbu ya kawaida: taa inawaka vizuri, kichwa hakizunguki. Kwa hiyo omba picha ya balbu kutoka juu, kichwa kikiwa kimetolewa.

Ukiupata, panguza sindano kwa kitambaa kikavu. Usitie mafuta kamwe, yananasa vumbi na kichwa kitakwama. Washa kwa volti 12 hadi 14, mbali na feni na dirisha, kisha usubiri balbu ipate moto. Ukizidisha volti, plastiki itapinda, na kichwa kizima cha asili ni kitu cha kutunzwa sana.

Mnara namba 494 wa Lionel, uliofuata mwaka 1954, huzungushwa kwa mtetemo wa koili ya umeme. Huo hauhitaji balbu yenye kibonyeo.