SOMO: Kuchangisha hela ya kugeuza uwanja wa ndege wa zamani kuwa bustani ya wananchi

Habari zenu wakuu, hasa wa Mbeya na nyanda za juu kusini yote. Tangu uwanja mpya wa ndege wa Songwe ufunguliwe mwishoni mwa 2012 ndege zikahama mjini, mi kila nikipita uwanja wa zamani nawaza bustani tu. Mbeya imeshika historia ya anga, toka 1932 ilikuwa kituo cha Imperial Airways, shirika la ndege la Waingereza, kwenye njia ya kwenda Cape Town, halafu leo watoto wetu wanacheza mpira barabarani bodaboda zikipita, inauma sana. Basi twende.

Hatua ya 1, ardhi kwanza hela baadaye. Msichangishe hata mia kabla ya kupata karatasi. Viwanja vya ndege vya serikali vingi viko chini ya TAA (Mamlaka ya Viwanja vya Ndege), kwa hiyo barua iende huko na nakala kwa halmashauri, mkiomba eneo liingie kwenye mchoro wa mipango miji kama eneo la wazi. Ofisa akikubali kwa mdomo mshukuruni, halafu mwombeni aandike.

Hatua ya 2, sajilini bodi ya wadhamini RITA (wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini), fungueni akaunti kwa jina la bodi, watia saini watatu. Lipa namba iwe ya bodi, isiwe simu ya mwenyekiti.

Hatua ya 3 ndo wengi wanairuka, makadirio. Udongo wa uwanja wa ndege umeshindiliwa miaka na miaka, ukipiga sururu inadunda, maji ya mvua yanasimama juu juu na mche ukiuchimbia kishimo cha kawaida mizizi inazunguka humo humo mpaka unadumaa. Kwa hiyo bajeti iwe na trekta la kupasua ardhi, mashimo mapana na samadi ya kutosha, sio bei ya miche peke yake. Ila njia ya kurukia msiibomoe! Kule Tempelhof, Berlin, uwanja ulifungwa 2008 ukafunguliwa kama bustani 2010, njia za ndege wakaziacha, leo watu wanapiga baiskeli juu yake. Kubomoa na kusomba kifusi kunakula hela kuliko miti yote.

Hatua ya 4, changisheni kwa vipande: benchi, choo, tanki la maji, mti na mlinzi wake wa mwaka mzima. Endesheni kama kamati ya harusi, kadi, vikao, tarehe ya mwisho, na ahadi isiandikwe kwenye hesabu mpaka iingie. Kila mwezi bandikeni mapato na matumizi pale pale getini kila mtu asome. Crissy Field ya San Francisco, uwanja wa zamani wa ndege za jeshi, mfuko wa familia ya Haas ulitoa dola milioni 18, lakini wananchi nao walichanga na kujitolea kupanda mimea ya asili kwa mikono yao, ikafunguliwa 2001. Tajiri mmoja hatoshi, na mia mia peke yake nazo hazitoshi.

Hela ya miche iwe mkononi Oktoba, mvua zetu zinaanza Novemba, mti ushike kabla ya kiangazi na ile baridi ya Juni na Julai.

MASWALI

Mdau wa Tukuyu: Mkuu, tunaweza kutumia ile asilimia 10 ya halmashauri?
Jibu: Hapana ndugu yangu, ule ni mkopo wa vikundi vya wanawake, vijana na wenye ulemavu, unarudishwa. Bustani haina faida ya kulipa marejesho. Ila kikundi cha vijana kinaweza kukopa kikafungua kitalu, nyie mkanunua miche kwao.

Mdau wa Mafinga: Tupande mikaratusi? Inakua haraka.
Jibu: Huko kwenu kwenye mbao sawa, bustanini hapana, inanyonya maji mno na chini yake nyasi hazistawi vizuri. Wekeni mikuyu na miti ya asili ya hapo hapo.

Dada wa Iringa: Mfadhili anataka bustani iitwe jina lake, tukubali?
Jibu: Mpeni benchi au uwanja wa watoto, dada. Bustani nzima ibaki na jina la mahali, na hilo liandikwe kwenye mkataba kabla hajatoa hela.