Kabla fundi hajapigilia ubao wa kwanza: mambo ya kuzingatia kwenye sakafu ya mbao

Sakafu ya mbao ikiharibika, mbao ndizo hulaumiwa kwanza. Utasikia zilikuwa mbichi, au muuzaji alikupa zisizofaa. Mara nyingi mbao hazina kosa lolote. Tatizo lilikuwa chini yake au hewani, na lilikuwapo kabla sanduku la kwanza halijafunguliwa. Kwa hiyo mwenye nyumba anayekuja kukagua siku ya mwisho, wakati vanishi inang'aa, amechelewa. Kagua mapema, na ukague kwa vipimo.

Kwanza, ratiba. Mbao huja mwisho. Lipu, vigae, mabomba, madirisha, milango ya nje na makoti ya mwanzo ya rangi vitangulie vyote. Lipu mbichi hutoa maji mengi hewani kwa wiki nyingi, na mbao zitayanywa. Kama nyumba haijafungwa vioo, usilete mbao hata kama muuzaji anakuahidi punguzo linaloisha kesho.

Pili, aina ya mbao. Kuna ubao mzima, ambao kwa kawaida una unene wa milimita 18 hadi 20, na kuna ubao wa matabaka, wenye mbao halisi juu na chini yake tabaka zilizogundishwa nyuzi zikipishana. Ubao mzima unaweza kupigwa msasa upya mara kadhaa katika maisha yake. Wa matabaka hutulia zaidi, na juu ya zege ndio chaguo lenye wasiwasi mdogo. Ukichukua wa matabaka, uliza tabaka la juu lina milimita ngapi. Likiwa chini ya 2, sahau habari ya kuupiga msasa baadaye. Jibu la "ni nene tu, bosi" si jibu.

Usichanganye ugumu na utulivu. Wauzaji hupenda kutaja kipimo cha Janka, yaani nguvu inayohitajika kuzamisha mpira wa chuma wenye kipenyo cha milimita 11.28 hadi nusu yake ndani ya ubao. Kipimo hicho kinakuambia habari za visigino vya viatu, miguu ya viti na kucha za mbwa. Hakikuambii ubao utavimba na kunywea kiasi gani. Mninga unasifiwa na mafundi kwa kutulia kwake, na hiyo ni sifa unayoihitaji kuliko ugumu. Upana nao una gharama yake: ubao wa sentimita 18 ukinywea huacha pengo kubwa kuliko wa sentimita 7, kwa hiyo ukipenda mbao pana jiandae kuwa mkali zaidi kwenye vipimo vyote vitakavyofuata.

Agiza zaidi ya eneo ulilopima: asilimia 5 hadi 10 kwa mpangilio wa kawaida, na karibu 15 ukitaka mbao zilazwe kwa mishazari au kwa mtindo wa mfupa wa samaki. Agiza zote kwa mkupuo mmoja, maana mzigo wa pili hautafanana rangi na wa kwanza.

Usawa wa sakafu ya chini: weka rula ndefu iliyonyooka ya mita 3, uizungushe chumba kizima. Bonde lisizidi milimita 5 hivi. Pimamaji peke yake haitoshi, kwa sababu inakuonyesha mteremko, na mteremko mdogo hausumbui mbao. Mabonde na vilima ndivyo vinavyofanya ubao uelee hewani, ubonyee ukikanyagwa na kulia kila mtu akipita. Kusawazisha ni kazi inayojitegemea yenye gharama yake. Iandikwe nani ataifanya na nani ataigharimia.

Sasa unyevu. Hapa nitakaa kidogo, maana niliona kwa dada yangu jinsi jambo hili linavyoweza kula sakafu nzima mara mbili.

Nyumba ilikuwa mpya, zege la sakafu lilikuwa na miezi michache tu. Fundi alikuwa na mkono mzuri kweli. Viungo vyake hukuweza kupitisha ukucha. Dada alipouliza kama zege limekauka, alilikanyaga, akalipapasa kwa kiganja, akasema, "Dada, angalia lilivyo jeupe. Limekauka hili." Hapakuwa na kipimo. Mbao nzima zikagundishwa moja kwa moja juu ya zege, zikapigwa msasa, zikapakwa vanishi makoti matatu. Wageni walikuwa wakivua viatu bila kuambiwa.

Baada ya wiki kadhaa, jua la asubuhi lilipoingia kwa chini dirishani, sakafu ilionekana ina mawimbi kama bati. Kingo za kila ubao zilikuwa zimeinuka, katikati pamezama. Sababu yake ni rahisi. Zege huanza kukauka juu, kwa hiyo huonekana jeupe wakati ndani bado limebeba maji. Maji hayo yakapanda kama mvuke, yakaingia kwenye ubao kwa chini. Upande wa juu umefungwa kwa vanishi na hewa ya chumba ni kavu, upande wa chini unavimba; ubao hauna njia ila kubinuka.

Hadi hapo sakafu ilikuwa bado inaokoleka. Kilichoiua ni dawa yake. Fundi alirudi na mashine ya msasa, akakata kingo zote zilizoinuka mpaka sakafu ikawa tambarare tena, akapaka vanishi upya. Kila mtu akafurahi. Lakini zege liliendelea kukauka, na kadiri lilivyokauka upande wa chini wa mbao ulinywea ukarudi katika umbo lake la mwanzo. Tatizo ni kwamba kingo zilikwisha kuondolewa. Mbao ziliponyooka, katikati ya kila ubao pakabaki pamefura na kingo ziko chini. Kupiga msasa mara ya tatu kungekula ubao hadi kwenye kiungo. Zikang'olewa zote, na vipande vya zege vilivyong'ang'ania gundi vikaondoka nazo. Ndipo kila mmoja akaanza kutafuta mkataba, ambao haukusema neno lolote kuhusu unyevu.

Kwa hiyo sikiliza. Kuna kanuni ya mafundi kwamba zege huhitaji kama mwezi mmoja kwa kila milimita 25 za unene, yaani sakafu ya milimita 100 ihesabiwe karibu miezi minne, na hapo hewa iwe kavu na zege liwe wazi. Hiyo ni makadirio ya kupanga ratiba, si ruhusa ya kuanza. Ruhusa hutoka kwenye kipimo. Kipimo cha kuaminika ni kutoboa zege hadi asilimia 40 ya kina chake, ikiwa linakauka upande wa juu tu, kisha kuweka kifaa kinachosoma unyevu wa hewa ndani ya tundu. Watengenezaji wengi wa mbao na gundi huweka kikomo karibu na asilimia 75, lakini lebo ya gundi utakayotumia ndiyo yenye kauli ya mwisho. Isome wewe mwenyewe.

Kabla hujamwita mtu wa vifaa, kuna jaribio unaloweza kulifanya mwenyewe. Chukua nailoni safi, nusu mita kwa nusu mita, ibandike kingo zote nne kwenye zege kwa utepe usiopitisha hewa. Iache angalau saa 16, au siku nzima. Ukiinua ukakuta matone au zege limekoza rangi, simamisha kila kitu. Ukikuta pakavu, usishangilie; maana yake ni kwamba hujafeli, basi. Kipimo cha ndani bado kinahitajika. Muulize pia aliyejenga kama chini ya zege iliwekwa nailoni ya kuzuia unyevu wa ardhi. Kama haikuwekwa, kusubiri peke yake hakutakusaidia, maana ardhi haimalizi maji yake. Itabidi zege lipakwe kizuia unyevu juu.

Sakafu iliyo juu ya maboriti na plaiwudi ina hesabu yake. Fundi apime unyevu wa plaiwudi sehemu nyingi, apime na mbao, alinganishe. Tofauti isizidi pointi 4 za asilimia kwa mbao zenye upana wa chini ya milimita 75, na isizidi 2 kwa mbao zenye upana wa milimita 75 na kuendelea. Achungulie pia chini ya nyumba: kama kuna udongo mtupu na hakuna hewa inayopita, tatizo lako liko huko.

Na hizo mbao zinazoletwa kwa gari, zizoee nyumba kwanza. Utaambiwa "siku tatu zinatosha". Siku hazina maana bila kipimo. Kwenye joto la kawaida la chumba, hewa yenye unyevu wa asilimia 30 huufikisha ubao karibu asilimia 6 ya unyevu. Ya asilimia 50 huufikisha karibu 9. Ya asilimia 80, karibu 16. Ubao uliokaushwa vizuri kiwandani ukiingia kwenye nyumba yenye hewa nzito utavimba, hata ukikaa stoo mwezi mzima umefungwa kwenye sanduku. Hali ya hewa ya ndani iwe ile mtakayoishi nayo, masanduku yafunguliwe, mbao zipangwe na fito katikati ili hewa ipite, na zisilale juu ya zege. Baadhi ya mbao za matabaka mtengenezaji huagiza zibaki zimefungwa mpaka siku ya kazi. Hapo mfuate yeye, si mimi.

Ubao huvimba kwa upana. Urefu wake karibu haubadiliki. Kwa hiyo pembeni mwa kuta zote paachwe nafasi ya kupumulia, na kwa mbao nzima wengi huacha nafasi karibu sawa na unene wa ubao. Skatingi, ule ubao wa pembeni chini ya ukuta, itaiziba. Hakikisha skatingi inapigiliwa ukutani, si sakafuni, na usimruhusu mtu yeyote mwenye bidii ajaze nafasi hiyo saruji ili "panapendeza".

Kumchagua fundi: usimuulize amefanya kazi miaka mingapi. Muulize, "Kipima unyevu chako kiko wapi?" Akitoa simu akupigie rafiki yake, umepata jibu. Omba kuona sakafu aliyoiweka zaidi ya mwaka mmoja uliopita, maana sakafu ya mwezi jana hupendeza kwa kila mtu. Kwenye mkataba yaandikwe majibu ya vipimo vya unyevu na tarehe zake, nani anasawazisha, nani anapunguza milango, nani anahamisha vyombo, nani anazoa mabaki. Lipa kwa hatua. Na akikuambia sakafu yenye kingo zilizoinuka ipigwe msasa mara moja, mkatalie. Chanzo cha maji kitafutwe, mbao zisubiriwe zisome sawa juu na chini, ndipo mashine iingie.

Sakafu itapanda juu kwa unene wa mbao. Angalia milango, kimo cha ngazi ya kwanza na mashine ya kuosha vyombo iliyo chini ya kabati, isije ikafungiwa ndani isitoke tena.

Siku ya kazi, mbao zifunguliwe masanduku kadhaa kwa pamoja zichanganywe, ili rangi isikatike katikati ya chumba. Zilale kukingama na maboriti. Viungo vya ncha vya safu zinazopakana visifuatane. Viachane sentimita 15 au zaidi. Ubao wenye kasoro uwekwe kando kabla haujapigiliwa, kwa sababu ukishapigiliwa huhesabiwa kuwa umekubaliwa, na muuzaji hatakusikiliza.

Vumbi la msasa lizibiwe kwa nailoni milangoni, na mfuko wa mashine umwagwe nje kila jioni. Hili la pili si usafi tu. Unga wa mbao ukishindiliwa unaweza kushika moto, na matambara yenye mafuta ya kitani hujipasha joto mpaka yakawaka yenyewe bila kiberiti. Yatandazwe nje yakauke moja moja, au yalowekwe maji ndani ya kopo la chuma lenye kifuniko. Wafanyakazi wanaoondoka saa kumi na moja jioni wameacha furushi la matambara pembeni wanakuachia wewe hatari ya usiku.

Vanishi ikishikika bila kunata si kwamba imekomaa. Ya maji hukauka kwa saa chache, ya mafuta huchukua muda zaidi, na zote huhitaji siku nyingi hadi wiki kadhaa kuwa ngumu kabisa. Zulia lisubiri, na samani ziinuliwe, zisiburutwe.

Baada ya hapo, deki ya ndoo na maji yanayotiririka ipige marufuku. Kitambaa kilichokamuliwa kinatosha. Bandika vipande vya kitambaa kizito laini chini ya miguu ya viti. Vyungu vya maua viwekwe juu ya sahani zilizoinuliwa, bomba la friji likaguliwe, zulia la mlangoni lenye mpira chini litupwe maana hufungia unyevu. Sanduku moja la mbao zilizobaki lihifadhiwe ndani ya nyumba, si gereji. Na ukisafiri muda mrefu, usifunge nyumba yote ukaondoka na funguo. Muachie mtu wa karibu awe anaingia, aangalie mabomba, apitishe hewa.