Kusoma kisukuku cha samaki wa Mahenge kwa tochi ya simu na perege wa Mtera

Nimetoka kumsaidia dogo mmoja wa jiolojia hapa Dodoma aliyepewa jiwe lenye samaki akaambiwa "elezea". Ni samaki wa Mahenge ya Singida, sio ile ya Morogoro. Hapo palikuwa na ziwa ndani ya kreta (shimo la volkano) ya kimbalaiti, ile miamba ya volkano inayoweza kubeba almasi, miaka kama milioni 46 iliyopita.

1. Jiwe azima maabara. Kwenda kuchimba mwenyewe bila leseni ya Idara ya Mambo ya Kale ni kesi.

2. Futa vumbi na brashi laini, kavu. Maji usiguse, lile ni tope lililogeuka jiwe, likilowa linabanduka. Vanishi ndo kabisa usinitajie.

3. Mwanga. Hapa ndo watu wanakesha. Zima taa ya chumba, zima fleshi, tochi ishushe hadi karibu ilale na jiwe ili kila mfupa utoe kivuli. Mwanga utokee juu kushoto, maana ukitokea chini macho yanadanganya, shimo lililoachwa na mfupa unaliona limetuna kama mfupa wenyewe, na dogo alishachora ubavu mzima hivyo tukabishana mpaka nikamgeuzia tochi. Halafu ukizungusha picha kwenye simu baadaye mchezo unarudi uleule, so weka rula na kikaratasi chenye mshale wa mwanga kabla hujapiga. Pandisha na kushusha tochi kidogo kidogo huku unapiga, jiwe lisitikisike, kuna miiba inaonekana mara moja tu. Zile taa za duara za TikTok mi sizitaki, zinaua vivuli vyote.

4. Nunua perege wa Mtera, chemsha, toa nyama taratibu, mifupa iweke pembeni ya jiwe ulinganishe. Pezi la mgongoni likiwa moja, miiba migumu mbele na laini nyuma, unaelekea kwa Mahengechromis, ndugu wa kale sana wa perege na sato. Hakuna miiba migumu? Fikiria samaki wengine wa kale wa hapohapo: Singida jacksonoides (hilo ni jina la samaki, sio mkoa), au Palaeodenticeps ambaye jamaa yake Denticeps bado anaishi mito ya Afrika Magharibi.

5. Sasa ziwa. Tazama ukingo wa jiwe: tabaka nyembamba zisizovurugwa ni maji yaliyotulia bila wadudu wa kufukua tope. Mifupa ikiwa bado imeshikana, samaki hakutafunwa wala kusombwa, kwa hiyo huenda oksijeni chini huko ilikuwa haba. Ila usirukie kuandika "kina kirefu" kwa sababu ya tabaka peke yake, andika "maji tulivu" na upime unene wa tabaka kwa rula ileile.