Jinsi ya Kuomba Idhini ya Kujenga Kituo cha Umeme wa Upepo Kenya

Wengi wanaotaka kuzalisha umeme wa upepo huanzia Wizara ya Kawi, Nairobi, faili mkononi. Nakushauri uanzie kwa wenye ardhi. Upepo wa Marsabit, Ngong na Kajiado umeshathibitika. Miradi hukwamia kwenye ardhi.

Ardhi

Shamba likiwa la mtu binafsi, andikeni mkataba wa kukodisha, kisha mwombe idhini ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi ya eneo hilo ndani ya miezi 6 tangu mkataba utiwe saini. Bila idhini hiyo mkataba ni karatasi tu. Mke au mume wa mwenye shamba aje pia akubali kwa maandishi. Kampuni ya kigeni haiwezi kupata zaidi ya miaka 99.

Ardhi ya jamii ndiyo ngumu, na ndiko upepo mwingi uliko. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 inadai mkutano ulioitishwa kwa ajili ya ombi lako, theluthi mbili ya watu wazima wa jamii wahudhurie, na theluthi mbili waidhinishe. Tuseme daftari la wanajamii lina watu wazima 900: kikao kisianze kabla ya 600 kufika. Je, kura zinazohitajika ni 400 za waliohudhuria au 600 za jamii nzima? Mawakili watabishana, wewe tafuta 600. Kila aliyefika aandikwe jina na nambari ya kitambulisho, atie saini au kidole gumba, na wanawake na vijana wahesabiwe kama wazee. Mkataba wenyewe utaje fidia, mgao wa mapato, na nani atarudisha ardhi katika hali yake mradi ukiisha.

Jamii ikiwa haijasajiliwa, serikali ya kaunti huwa mdhamini tu. Haina mamlaka ya kukuuzia wala kukugawia. Ukiambiwa "malizana na kaunti kwanza", shukuru na uende kuwasaidia wenyeji kusajili ardhi yao. Mradi wa Ziwa Turkana, wenye mitambo 365 na megawati 310, ulipata ekari 150,000 kwa utaratibu wa zamani. Mitambo ilikuwa inazunguka tayari pale Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Meru ilipoamua, Oktoba 2021, kwamba hatimiliki zile zilipatikana kinyume cha sheria.

Kupima upepo

Simamisha mlingoti wa vipimo, angalau kwa mwaka mzima ili upate misimu yote. Kabla ya hapo, omba kibali cha urefu kutoka Mamlaka ya Usafiri wa Ndege (KCAA). Ombi la mitambo yenyewe litakuja baadaye, na urefu hupimwa hadi ncha ya panga la mtambo (bawa linalozungushwa na upepo) likiwa limesimama wima.

Mazingira

Ajiri mtaalamu mwenye leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, atathmini athari za mradi. Kanuni za tathmini hiyo za 2003 zinataka mabango, tangazo la gazeti kwa wiki mbili mfululizo, redio, na mikutano ya hadhara isiyopungua mitatu. Redio iwe ile inayosikilizwa na wenyeji, kwa lugha yao. Mikutano hii isigeuzwe sherehe ya soda na mkate. Kinangop, Nyandarua, kulikuwa na mradi wa megawati 60.8 wenye wafadhili na vibali. Wakazi walioogopea mashamba na afya zao waliupinga, ghasia zikazuka, na mwaka 2016 ukafutwa.

Ndege nao wana neno. Kituo cha upepo cha Kipeto, Kajiado, kiko karibu na magenge ya Kwenia wanakozalia tumbusi, kwa hiyo kuna watu wa zamu wanaotazama anga, na tumbusi akikaribia, mtambo husimamishwa. Gharama hiyo iingize kwenye hesabu mapema.

Kaunti nayo itahitaji ombi la kubadilisha matumizi ya ardhi, chini ya sheria ya mipango ya 2019.

Soko na leseni

Hapa sera ya serikali imebadilika sana. Chini ya sera ya 2012, umeme wa upepo hadi megawati 50 ulikuwa na bei iliyopangwa: senti 11 za dola kwa kila yuniti. Sera ya 2021 iliuondoa upepo humo na kuupeleka kwenye mnada, ambako anayetaja bei ya chini ndiye hushinda. Mshauri anayekuahidi bei ile ya zamani anasoma karatasi iliyokwisha muda.

Ukiwa na mnunuzi, omba leseni ya uzalishaji EPRA, mamlaka ya kudhibiti kawi na mafuta, na utangaze ombi lako magazetini ili wenye pingamizi wajitokeze. Umeme wa matumizi yako mwenyewe, usiozidi megawati 1, hauhitaji leseni hiyo.

Usiagize mitambo kabla ya kuafikiana kwa maandishi kuhusu laini ya kusafirisha umeme. Mitambo ya Ziwa Turkana ilikuwa tayari 2017. Laini ya kilomita 428 hadi Suswa ilikamilika Septemba 2018. Mkataba wako useme wazi ni nani atalipa kwa kila mwezi wa kungoja.