Muwasho wa kuumwa na mbu, kunguni na viroboto: kuutuliza bila kuharibu ngozi

Kinachowasha mbu akikuuma si tundu aliloacha, ni mate yake. Mate hayo huzuia damu isigande ili anyonye kwa urahisi. Mwili ukiyagundua humwaga histamini mahali pale, na histamini ndiyo inayovimbisha na kuwasha. Ukijikuna, inamwagika nyingine. Ndiyo maana kipele ulichokikuna jana bado kinakusumbua leo, na kile cha mgongoni usichokifikia kimeshanywea.

Hatua ya 1: Hakikisha ni mdudu

Vipele vya mbu hutawanyika ovyo penye ngozi iliyokuwa wazi. Vya kunguni mara nyingi hujipanga vitatu au vinne kwa mstari, au hukaa kwa kundi, na huenda visionekane hadi siku kadhaa baada ya kung'atwa. Mulika mishono ya godoro kwa tochi ya simu utafute vidoa vyeusi kama ncha ya kalamu. Viroboto hupenda vifundo vya miguu na sehemu ya chini ya muundi.

Muwasho ukiwa katikati ya vidole vya mikono, viwiko vya mikono, kiunoni na sehemu za siri, ukazidi usiku, na nyumba nzima inajikuna, huo ni ugonjwa wa upele (scabies). Mwongozo huu hautausaidia. Upele unataka dawa yake, benzili benzoeti au pamethrini, inayopakwa mwili mzima kwa watu wote wa nyumba siku ile ile.

Na ukiona mstari unaochoma kama umeunguzwa na moto, ukatokea siku moja au zaidi baada ya mdudu mwembamba wa rangi nyekundu na nyeusi kukutambaa, huyo ni Nairobi fly. Hang'ati. Sumu imo mwilini mwake na hutoka akipondwa, kwa hiyo mpulize, usimpige kofi, kisha osha ngozi kwa sabuni papo hapo pamoja na mikono.

Hatua ya 2: Osha, kisha baridi

Maji na sabuni ya kawaida. Kausha kwa kugandamiza taulo bila kusugua. Funga barafu kwenye kitambaa, weka dakika 10, pumzika, rudia. Kama hakuna barafu, kitambaa kilicholoweshwa maji ya mtungini kinatosha.

Hatua ya 3: Losheni ya kalamini

Tikisa chupa mpaka unga wa waridi uliotuama chini uchanganyike, dondoshea pamba, gusa kipele, acha ikauke. Mara 3 hadi 4 kwa siku. Kwa vipele vichache vya mbu, wengi hawahitaji kwenda mbele ya hapa.

Hatua ya 4: Krimu, na hapa ndipo ngozi nyingi zinapoharibika

Krimu unayoitaka ina dawa moja tu: haidrokotisoni ya asilimia 1. Kwenye boksi itaandikwa hydrocortisone 1%. Ni steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho) dhaifu, na udhaifu huo ndio uzuri wake. Kipele kimoja kinahitaji kiasi cha punje ya mtama. Paka mara 1 au 2 kwa siku, sugua taratibu mpaka ipotee, na usizidishe siku 7. Usipake usoni, sehemu za siri, wala penye kidonda. Mtoto wa chini ya miaka 10 asipakwe kabla ya kuonwa na mtoa huduma wa afya. Kama unatumia na kalamini, acha nusu saa katikati, la sivyo unga wa kalamini unaizuia krimu isifike kwenye ngozi.

Shida ni kwamba ukifika dukani na kusema tu "nataka krimu ya kuwashwa", mara nyingi utapewa ile ya mchanganyiko: steroidi kali, dawa ya fangasi na antibayotiki ndani ya tyubu moja. Inauzika sana kwa sababu inatuliza haraka. Lakini kinachotuliza ni ile steroidi peke yake, na ni kali kuliko inavyohitaji kipele cha mbu. Geuza boksi usome viambato kwa sauti kama ni lazima. Ukiona betamethasone au clobetasol, rudisha. Clobetasol ni miongoni mwa steroidi kali kuliko zote za kupaka. Ikitumika wiki kwa wiki huikondesha ngozi, huacha michirizi na kufifisha rangi mahali ilipopakwa.

Ukiona neomycin, rudisha pia. Ni antibayotiki inayojulikana kwa kuwaletea baadhi ya watu mzio wa ngozi, hivyo unaweza kujikuta unawashwa na dawa huku ukidhani bado ni mdudu. Dalili yake ni hii: muwasho unaenea hadi pale krimu ilipoishia, kana kwamba umechorewa mpaka.

Hatari kubwa zaidi ni pale ambapo hakikuwa kipele cha mdudu tangu mwanzo. Steroidi kali juu ya fangasi inaondoa muwasho siku ya kwanza au ya pili, mtu anafurahi, anaendelea. Chini yake fangasi anasambaa, na ile duara yenye ukingo ulioinuka, ambayo mhudumu angeitambua kwa kuitazama, inapotea. Siku akiacha krimu muwasho unarudi kwa nguvu, anapaka tena. Upele nao hufichika vivyo hivyo. Kwa hiyo kanuni ni moja: kama siku 7 za haidrokotisoni hazijasaidia, usipande kwenye krimu kali zaidi. Rudi hatua ya 1, maana huenda ulikosea mdudu, au si mdudu kabisa.

Hatua ya 5: Kidonge, kama vipele ni vingi

Chagua setirizini, dawa inayozuia histamini. Mtu mzima na mtoto aliyezidi miaka 12 anameza miligramu 10 mara 1 kwa siku, jioni ndiyo vizuri. Miaka 6 hadi 12 ni miligramu 5 asubuhi na 5 jioni. Miaka 2 hadi 6 ni miligramu 2.5 mara mbili. Kwa dawa ya maji yenye miligramu 5 katika mililita 5, hiyo ni mililita 2.5, nusu ya kijiko cha dawa. Pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano, vijiko vya chai vya nyumbani havilingani. Mwenye ugonjwa wa figo, mjamzito na anayenyonyesha waulize kwanza.

Piriton (klofeniramini) inafanya kazi pia, lakini inalaza. Kwa dereva wa bodaboda au mtu wa mashine, usingizi huo ni hatari kuliko muwasho. Usimpe mtoto ili tu alale.

Hatua ya 6: Kucha na usiku

Kata kucha fupi, na usiku mvalishe mtoto mdogo soksi mikononi. Kwa watoto kuna jambo linalochanganya wazazi wengi: mtoto akiumwa leo mguuni, vipele vya wiki iliyopita mkononi navyo vinaamka na kuvimba upya. Mwili wake umezidi kuwa mkali kwa mate ya wadudu. Wazazi huanza kumnyima mayai, samaki, karanga. Mrudishie chakula chake, tafuta mdudu.

Kama ni kunguni, vua mashuka yote uyafue kwa maji ya moto, toa chaga, na mimina maji yanayochemka kwenye maungio ya kitanda na matundu ya skrubu. Kupuliza dawa katikati ya chumba hakuwafikii waliomo kwenye maungio.

Vya jikoni

Mshubiri unasaidia, ila ukikata jani lisimamishe dakika 10 hadi 15 utomvu wa njano uchuruzike kwanza. Utomvu huo wenyewe huwasha. Tumia ute mweupe wa ndani tu.

Baking soda, kijiko kimoja cha chakula na maji kidogo mpaka iwe uji mzito, pakaa dakika 10, osha. Angalia usije ukachukua magadi ukadhani ni kitu kimoja. Magadi ni makali na yanachoma ngozi.

Ndimu usiguse. Maji yake yakipigwa na jua juu ya ngozi yanaunguza, hutoa malengelenge na kuacha doa jeusi. Mafuta ya taa, dawa ya meno na spiriti navyo viache.

Wakati wa kwenda hospitali

Midomo, ulimi au koo vikivimba, pumzi ikibana, au kizunguzungu kikianza baada ya kuumwa, nenda mara moja. Hapo hakuna krimu ya kusubiri.

Kipele kilichoingia vijidudu, kwenye ngozi nyeusi wekundu wake hauonekani vizuri. Usitegemee macho. Pitisha mgongo wa vidole juu yake, kisha juu ya ngozi ya pembeni: kama kina joto zaidi, kigumu, kinauma ukikigusa na kinazidi kupanuka, au kinatoa usaha, nenda kituo cha afya. Zungushia mstari wa kalamu pembeni asubuhi. Jioni utajua kama kimevuka.

Homa yoyote, pima malaria. Kama kipimo hakioni kitu na homa inaondoka kisha inarudi, na unalala kwenye nyumba ya sakafu ya udongo, mwambie mhudumu, ili afikirie homa ya papasi, inayoletwa na kupe wanaojificha kwenye sakafu za aina hiyo.

Doa jeusi linalobaki baada ya kipele kupona linaweza kukaa miezi. Usilifuate kwa krimu za kung'arisha. Nyingine zina zebaki. Paka mafuta ya nazi au vaselini asubuhi na jioni, lifunike na nguo ukiwa juani, uliache.