Chakula kimoja, safari moja: jinsi ya kuwapeleka watoto wa chekechea shambani

Mara ya kwanza nilipowapeleka watoto wangu wa chekechea shambani, tulizunguka kila kona: zizi, banda la kuku, vitalu vya mboga, mpaka ghala. Kesho yake nikawauliza wameona nini. Trekta. Wote, trekta. Tangu hapo, safari moja ni ya chakula kimoja.

1. Anzia kwenye sahani. Siku mbili tatu kabla ya safari, waulize yai limetoka wapi. Usimsahihishe mtu. Waache wachore, kisha andika chini ya kila mchoro maneno yao kama walivyoyasema, hata yule anayeapa kwamba mayai yanatoka kwenye friji.

2. Tangulia mwenyewe. Muulize mkulima kuku hutaga zaidi saa ngapi, mnyama gani ni mkali, choo kiko wapi, maji ya kunawia yapo au mje nayo. Angalia visima, mabwawa na mahali dawa zinapowekwa. Mimi huweka mtu mzima mmoja kwa watoto wanne. Mwombe mkulima, kwa adabu, asihutubie.

3. Mkono kwanza, maelezo baadaye. Mtoto aingize mkono kiotani mwenyewe. Yai lililotagwa sasa hivi huwa na joto, na hilo hakuna picha inayoweza kulifundisha. Binti mmoja alilishika kwa viganja viwili akaninong'oneza, "Mwalimu, liko hai?" Hapo ndipo somo lilipoanza. Kuku hutaga hata bila jogoo, ila yai hilo haliwezi kutoa kifaranga. Lenye mbegu ya jogoo huatamiwa siku 21 hivi. Na yai moja huchukua takriban saa 24 hadi 26 kuundwa tumboni mwa kuku, kwa mtoto sema, "Tangu jana mlipokuwa mnacheza, kuku alikuwa anatengeneza hili."

Mkienda kwa ajili ya maziwa, tafuta ndama kwanza. Hata wazazi wengi hudhani ng'ombe hutoa maziwa kwa sababu tu ni ng'ombe, kumbe lazima azae, na mimba yake huchukua miezi 9 hivi.

4. Usafi: hapa sina mzaha. Samadi hubeba vimelea vya magonjwa kama bakteria wa E. coli, na watoto chini ya miaka 5 wanaweza kuugua vibaya. Wakishagusa wanyama, wanawe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa sekunde 20. Dawa ya kupaka mikononi (sanitaiza) haitoshi kwenye mkono wenye samadi. Vitafunio viliwe mbali na mabanda, na maziwa mabichi yasionjwe hata mkulima akisisitiza.

5. Swali la nyama litakuja. "Huyu kuku ataliwa?" Kama ataliwa, sema ndiyo, kwa sauti ile ile uliyotumia kuelezea mayai. Ukidanganya, watakuja kujua.

6. Rudini na kitu. Mayai yapikwe darasani siku hiyo hiyo, au kesho yake. Wakishakula, warudishie michoro yao ya mwanzo, wachore tena bila kusaidiwa. Yule wa friji alichora friji ile ile, safari hii kuna kuku amekaa ndani. Ukipata mchoro kama huo usikimbilie kalamu nyekundu. Muulize mtoto kuku ameingiaje.