Babu mmoja, sehemu nne: jinsi ya kuandika majina ya mahali kwenye mti wa ukoo wa pamoja

Kwenye mti wetu wa ukoo babu mzaa baba alikuwepo mara nne. Mmoja kazaliwa "Ihangiro, DOA" (kifupi cha Deutsch-Ostafrika, yaani Afrika Mashariki ya Kijerumani), mwingine "Rubia, Bukoba", wa tatu "Rubya, Muleba, Kagera, Tanzania", na wa nne kaandikiwa "West Lake" basi, hakuna kingine. Ni mtu mmoja, mama mmoja, kibanja kimoja (shamba la migomba la nyumbani), ila tulikuwa ndugu wanne tunaandika, mmoja yuko Kampala, mmoja Mwanza, mmoja Toronto na mimi niko Dar, kila mtu kaandika alivyosikia kwa mzee wake, na programu ya kutunzia mti ikaona hawa ni watu wanne wanaofanana majina tu. Shangazi akawekwa chini ya babu wa kwanza, kaka yake wa tumbo moja akawekwa chini ya babu wa tatu. Kuunganisha ilituchukua karibu mwaka mzima, na iliniuma sana kwa sababu wazee waliokuwa wanajua wengine walifariki katikati ya hiyo kazi. Ndo maana naandika hii, ili nyie muanze vizuri kabla mti haujawa mkubwa.

Kitu cha kwanza kabisa, kabla hata ya kugusa simu, kubalianeni kanuni moja. Yetu ni hii: tunaandika jina la mahali kama lilivyoitwa siku tukio lilipotokea, tunaanza na padogo kwenda pakubwa, tunatenganisha kwa koma, na jina la leo linakaa kwenye maelezo. Mnaweza kuamua vingine, kuna koo zinaandika majina ya leo tu na kazi inaenda, ubaya ni kuchanganya. Lakini mi nashauri jina la wakati ule, kwa sababu hilo ndo utalikuta kwenye kitabu cha ubatizo au cheti, na mjukuu akienda kutafuta atajua atafute nini na chini ya serikali gani.

Ngoja nioneshe kwa kibanja chetu kilekile pale Rubya, hakijasogea hata hatua moja, na mwaka ni wa kuzaliwa:

Babu, 1912: Rubya, Ihangiro, Bukoba, Afrika Mashariki ya Kijerumani
Baba, 1947: Rubya, Ihangiro, Bukoba, Tanganyika
Dada mkubwa, 1970: Rubya, Bukoba, Ziwa Magharibi, Tanzania
Mdogo wetu wa mwisho, 1985: Rubya, Muleba, Kagera, Tanzania

Umeona? Migomba ileile, mistari minne tofauti, na yote ni sahihi. Ihangiro ilikuwa himaya yenye mkama (mfalme) wake, ikabaki kama ngazi ya utawala mpaka serikali ilipofuta uchifu 1963, kwa hiyo dada wa 1970 hawekewi Ihangiro hata kama bibi mpaka leo anasema "sisi wa Ihangiro". Ziwa Magharibi, ambayo wengi waliiandika West Lake, ilibadilishwa jina kuwa Kagera mwaka 1979 baada ya vita ya Uganda. Na Muleba zamani ilikuwa ndani ya wilaya ya Bukoba, baadaye ndo ikawa wilaya yake.

Tarehe za nchi andika kwenye karatasi uibandike karibu na kompyuta, maana hapo ndo watu wanakosea zaidi. Jina Tanganyika limeanza 1920, kabla ya hapo ni Afrika Mashariki ya Kijerumani. Uhuru ni tarehe 9 Desemba 1961 ila jina la nchi halikubadilika siku hiyo, bado ni Tanganyika. Muungano ni tarehe 26 Aprili 1964, na jina Tanzania lenyewe likaja miezi michache baadaye mwaka huohuo, sisi tumekubaliana kwamba kuanzia siku ya Muungano tunaandika Tanzania ili tusigombane juu ya watoto waliozaliwa ile miezi ya katikati. Zanzibar haijawahi kuwa Tanganyika hata siku moja, mtu aliyezaliwa Ng'ambo mwaka 1950 muandikie "Ng'ambo, Unguja, Zanzibar" na uishie hapo. Kenya kabla ya 1920 iliitwa Afrika Mashariki ya Kiingereza, majimbo yao yaliondoka na kaunti 47 zikaanza kazi 2013, kwa hiyo mjomba aliyefariki 1990 usimuandikie kaunti. Na kama una watu wa Kisumu wa zamani sana, upande ule ulikuwa ndani ya Uganda mpaka 1902, usishangae ukikuta karatasi inasema hivyo. Wenye ndugu Burundi na Kongo, Bujumbura ya kabla ya uhuru wa 1962 ni Usumbura, Kalemie ilikuwa Albertville, Lubumbashi ilikuwa Elisabethville.

Mikoa mipya nayo inateleza kweli. Geita, Simiyu, Njombe na Katavi zimeanza 2012, Songwe 2016, Manyara 2002. Mtu kazaliwa Chato mwaka 1955, programu inakuletea "Chato, Geita, Tanzania" unabonyeza haraka haraka, tayari umeweka makosa mawili kwenye mstari mmoja. Chato ilikuwa upande wa Kagera mpaka Geita ilipokuwa mkoa, na 1955 hakukuwa na Tanzania. Kwa enzi ya Mwingereza majimbo yalibadilishwa mara kadhaa, kwa hiyo kama huna uhakika na jimbo liruke, weka kijiji, wilaya, Tanganyika. Mstari mfupi ulio kweli ni bora kuliko mrefu wa kubahatisha.

Sasa nikuambie shida ambayo naona ni kubwa kuliko hizo za tarehe, na inatokana na namna tunavyouliza. Ukimuuliza mzee "fulani kwao wapi?" atakujibu asili yake, atakwambia kwao Rubya, na wewe unaandika amezaliwa Rubya. Kumbe kazaliwa Kampala baba yake alikoenda kutafuta kazi, kaja Rubya ana miaka saba. Kwao na alikozaliwa ni vitu viwili. Uliza hivi: "mama yake alijifungulia wapi?" Hapo mzee anatulia, anaanza kukumbuka, anakwambia aah huyu alizaliwa wakati wako Kampala, mwaka ule wa njaa, na unapata mpaka mwaka. Mimi hilo swali limenirekebishia watu kumi na moja kwenye mti wetu. Vilevile "Bukoba": mtu wa Karagwe, wa Muleba, wa Missenyi, akiwa Dar wote wanasema natoka Bukoba, sawa na watu wa Rombo na Hai wanavyosema natoka Moshi. Usiandike Bukoba mpaka umeuliza "Bukoba ipi, mjini au kijijini, kijiji gani?"

Kufa nako hivyohivyo. Watu wetu wanazikwa kibanjani nyumbani, msiba unakumbukwa kule, basi kila mtu anaandika "amefariki Rubya". Wakati baba mkubwa alifia Muhimbili, tukamsafirisha. Kisanduku cha kifo kinaandikwa Dar es Salaam, cha maziko kinaandikwa Rubya. Usivichanganye, maana atakayetafuta cheti cha kifo atatafuta wilaya isiyo yake.

Na kuna vijiji ambavyo havipo tena. Wakwe zangu ni watu wa Dodoma, bibi yao alizaliwa sehemu ambayo leo ni mahame, watu walihamishwa kwenye operesheni ya vijiji, ile ya miaka ya sabini, na kijiji kipya kikapewa jina lingine kabisa. Hapo usiweke kijiji kipya kama mahali pa kuzaliwa. Andika jina la zamani, halafu kwenye maelezo sema "mahame, watu wake walihamia kijiji fulani", na kama kuna kijana anaweza kwenda pale na mzee, apige pini kwenye ramani ya simu wakiwa wamesimama palepale, muweke zile namba. Sisi tulifanya hivyo, mzee alipatambua kwa mbuyu na kisima. Fanyeni mapema jamani.

Tuje kwenye uandishi wenyewe. Usifupishe. DSM, Dar, D'Salaam, Dar-es-Salaam, zote ziwe "Dar es Salaam". Znz iwe Zanzibar. Maneno kama kijiji cha, wilaya ya, mkoa wa, sisi tumeyatoa, koma zinatosha, isipokuwa pale pa kuchanganya kama Bukoba Mjini na Bukoba Vijijini. Ukikuta tahajia ya Kijerumani, Daressalam, Muansa, Moschi, Aruscha, Sansibar, huo ni mji uleule, kwenye kisanduku andika kwa tahajia yetu na ile ya kwenye karatasi inakili kama ilivyo kwenye maelezo ya chanzo. Ila jina likiwa lingine kabisa hilo libaki, Lushoto ya Mjerumani iliitwa Wilhelmstal na Tukuyu iliitwa Neu-Langenburg, ukifuata kanuni ya jina la wakati ule basi ndo hivyo. Na hiki ni kidogo ila kinasumbua: ile alama ya Ng'ambo na Murang'a, simu nyingine inaweka iliyonyooka nyingine inaweka iliyopinda, programu nyingine inaona ni majina mawili. Chagueni iliyonyooka.

Ukiandika, programu kama FamilySearch inakuletea orodha uchague mahali panapotambulika. Soma mstari mzima kabla ya kubonyeza, maana Magomeni iko Dar na iko Zanzibar, Pangani iko Tanga na iko Nairobi, Mikindani iko Mtwara na iko Mombasa, na Majengo ndo usiseme. Pale unaweza kuacha maneno yako yaonekane kama ulivyoyaandika huku umeyaunganisha na mahali pa kwenye orodha, tumia hiyo nafasi. Kama kijiji chenu hakipo kwenye orodha usichague cha jirani, unganisha na wilaya, jina la kijiji libaki kwenye maandishi yako.

Kama mti tayari umeshavurugika, usianze kurekebisha mtu mmoja mmoja. Toa majina yote ya mahali weka kwenye Excel, safu moja kama lilivyoandikwa, safu ya pili mnavyotaka liwe, ya tatu nani kathibitisha. Panga kwa alfabeti, Rubia na Rubya zitakaa pamoja utaziona. Ile orodha tuma kwenye grupu la familia la WhatsApp, mpe kila tawi wiki mbili, na wazee wapigie simu, usiwatumie faili. Sisi shangazi mmoja alisikiliza nikimsomea majina kwa simu, kwenye la sita akanisimamisha, "hapo sipo, hapo tulikuwa tunakwenda kuchota maji".

Kwenye mti wa pamoja kila mtu anaweza kubadilisha, kwa hiyo ukirekebisha alichoandika ndugu yako mwambie kwanza, halafu kwenye kisanduku cha sababu andika kwa nini, kwa mfano "1947 ilikuwa Tanganyika, kitabu cha ubatizo kinasema Rubya, tumekubaliana kwenye grupu". Binamu yangu wa Toronto alikuwa anarudisha Kagera kila nikiitoa, nikadhani ananipinga, kumbe hakuona sababu yoyote pale akajua kuna mgeni anaharibu. Tangu nianze kuandika sababu hajarudisha hata moja, na sasa yeye ndo anashika ile Excel.